Sensa za kutoboa, mkanda wa ndani ya bampa au kamera: ufunge ipi nyuma ya gari?

Anayetaka gari lake limwonye anapopiga rivasi huwekewa mezani vitu vitatu. Cha kwanza ni seti ya sensa nne za mawimbi ya sauti, vile vidude vya duara vinavyoonekana kwenye bampa. Cha pili ni mkanda wa sumakuumeme unaobandikwa ndani ya bampa, usionekane kabisa. Cha tatu ni kamera. Kila fundi ana anachokisifia, na mara nyingi ni kile kilichobaki kwenye kabati lake. (Sensa hapa si ile ya kuhesabu watu. Ndilo jina lililozoeleka madukani, basi tutalitumia.)

Uchaguzi huu unawahusu wengi kwa sababu magari yetu mengi yanatoka Japani yakiwa yametumika. Marekani ililazimisha kamera za nyuma kwa magari madogo yote mapya kuanzia Mei 2018, na Japani ikaanza kudai kamera au kifaa kingine cha kuonesha nyuma kwa modeli mpya Mei 2022. IST, Vitz, Probox na Noah nyingi zilizopo barabarani zilitengenezwa kabla ya hapo, na nyingi hazina kitu nyuma zaidi ya taa.

Vigezo vya kupimia

Kigezo kizito kuliko vyote ni hiki: pale unaporudisha gari kila siku, nyuma kuna nini? Ukuta, nguzo ya geti, mtaro usio na mfuniko, au watoto wanaocheza? Wauzaji wachache huuliza, wakati jibu lake peke yake linaweza kuondoa kifaa kimoja au viwili kwenye orodha.

Kigezo cha pili ni bampa. Ni ya plastiki au ya chuma? Kuna tairi la spea mgongoni au ndoano ya kuvutia tela? Cha tatu ni kazi ya kufunga, na kama unaweza kuitengua siku ukiuza gari. Cha nne ni uvumilivu wa kifaa mbele ya tope, mvua na mashine ya kuoshea yenye presha. Cha tano ni taarifa unayopewa na muda unaobakiwa nao. Gari likirudi nyuma kwa kilomita 5 kwa saa linakwenda mita 1.4 kila sekunde. Kifaa kinacholia kitu kikiwa mita 1.5 kinakupa sekunde moja na kidogo, na kinacholia kitu kikiwa sentimita 60 kinakupa chini ya nusu sekunde. Mguu wa kawaida unahitaji karibu sekunde nzima kufika kwenye breki. Kwa hiyo kifaa chochote hapa kinamsaidia anayerudi polepole tu.

Umeme wa kifaa: jambo lisilobadilika

Vyote vitatu vinachukua umeme kwenye waya wa taa ya rivasi, ili viwake gia ya nyuma inapoingia na vizimike ikitoka. Washa swichi bila kuwasha injini, vuta breki ya mkono, ingiza rivasi, kisha tafuta kwa mita waya wenye takriban volti 12 unaokufa gia ikitolewa. Usiamini rangi ya waya. Ethi, yaani waya hasi, ifungwe kwenye bolti ya bodi baada ya kukwangua rangi, si kwenye skrubu ya plastiki.

Maunganisho ndiyo yanayoharibika kwanza. Vile vibanio vya plastiki vinavyouma waya bila kuumenya hufungwa kwa dakika moja, lakini kwenye hewa ya chumvi ya Dar, Tanga au Mombasa shaba huota kutu ya kijani na kifaa huanza kufanya kazi kwa zamu. Lehemu kwa risasi, kisha funika kwa mpira unaosinyaa kwa joto.

Kwenye magari mengi ya Ulaya ya miaka ya karibuni, kompyuta haitumi umeme mtulivu kwenye taa ya rivasi bali mapigo ya harakaharaka. Taa huwaka vizuri tu, ila sensa hujizima na kujiwasha na kamera huleta picha yenye mistari. Tiba yake ni rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) au kichujio chenye kapasita kati ya waya wa taa na kifaa. Na kama gari ni la gia za mkono na taa ya rivasi yenyewe haiwaki, anza na swichi iliyo kwenye gia boksi. Hakuna kifaa kitakachofanya kazi kabla ya hiyo kupona.

Sensa nne za kutoboa

Zinachoona. Kila sensa inapiga sauti ya takriban kilohezi 40, ambayo sikio la mtu haliisikii, kisha inasikiliza mwangwi. Sauti inasafiri karibu mita 340 kwa sekunde, hivyo mwangwi wa ukuta ulio mita 1 nyuma hurudi ndani ya milisekunde 6 hivi. Kiboksi kinahesabu muda huo na kukupa umbali halisi, kuanzia mita 1.5 au 2 hadi sentimita 30. Chini ya hapo hakipimi tena, kwa sababu kile kidude kinachosikiliza ndicho kilichopiga na bado kinatetema. Mlio unakuwa mmoja mfululizo, na maana yake ni simama.

Ukuta, gari jingine na geti la bati vinaonekana vizuri. Nguzo nyembamba, mnyororo, wavu wa senyenge na uso uliolala mshazari hurudisha mwangwi hafifu au kuupeleka pembeni. Nguo laini humeza sauti. Jiwe la ukingo lililo chini ya mstari wa sensa hupitwa, na bodi ya lori iliyochomoza juu ya usawa wa bampa nayo hupitwa. Mtaro hauonekani kabisa, maana shimo halirudishi mwangwi. Kwa miji yetu hili la mtaro si dogo.

Bampa. Ya plastiki ndiyo yake. Kwenye bampa ya chuma mtetemo wa sensa huingia kwenye chuma chenyewe na sensa hujisikia yenyewe, ikalia bila sababu. Zipo seti zenye vikombe vya mpira kwa ajili ya chuma, na bila hivyo usijaribu. Ndoano ya tela au tairi la spea lililochomoza husomwa kama kizuizi cha kudumu, isipokuwa kiboksi kiwe na uwezo wa kukariri vitu hivyo na kuvipuuza.

Kufunga. Hapa ndipo kazi ilipo, na kosa la milimita chache haliombewi msamaha. Kabla ya kugusa bampa, unganisha seti nzima mezani kwa betri ya volti 12. Kila sensa isogeze sikioni, inapaswa kutoa mlio mdogo wa tik-tik. Kupitisha kiganja mbele ya kila moja kubadilishe namba au mlio. Sensa mbovu igundulike hapo, si baada ya kutoboa.

Urefu unaofaa ni sentimita 50 hadi 65 kutoka ardhini. Ukishuka hadi 40 sensa huanza kusoma barabara, hasa gari likibeba mzigo na nyuma likainama. Kwenye upana, bampa ya sentimita 160 igawe hivi: sensa za pembeni ziwe sentimita 20 kutoka kila ncha, halafu acha sentimita 40 kati ya moja na nyingine. Bandika tepu ya karatasi, weka alama, kisha chungulia au papasa nyuma ya kila alama. Kuna boriti ya chuma na sponji ya kupunguza kishindo ndani ya bampa, na sensa na waya wake zinahitaji sentimita 3 hadi 4 za nafasi.

Toboa kwanza kitundu cha milimita 3, ndipo uingize msumeno wa duara uliokuja na seti. Nyingi ni za milimita 22, zipo za 19 pia, na msumeno wa seti moja usitumike kwa seti nyingine. Tundu likizidi milimita moja tu, sensa inacheza na siku moja itadondokea ndani. Drili iende polepole. Ikikimbia, plastiki inayeyuka na kuacha ukingo wenye mabonde. Safisha ukingo kwa kisu, ingiza sensa kwa vidole gumba viwili ukisukuma pete ya nje, kamwe si katikati, na mshale ulio mgongoni mwake utazame juu. Kama uso wa bampa unaelekea chini kidogo, tumia pete za mshazari zinazokuja kwenye baadhi ya seti, la sivyo gari litakuwa likiogopa lami.

Waya huingia kwenye buti kupitia tundu lililopo lenye mpira. Uache uning'inie kidogo chini ya tundu kabla ya kupanda, ili maji yadondoke nje badala ya kuufuata waya hadi ndani. Uwe mbali na bomba la ekzosi. Kiboksi kikae ukutani ndani ya plastiki ya pembeni, si sakafuni kwenye shimo la spea ambako maji hutuama. Chomeka waya kwa mpangilio wake, A hadi D, kushoto kwenda kulia, vinginevyo kioo kidogo kinachoonesha namba za umbali kitakuambia kizuizi kipo kulia wakati kipo kushoto. Kwenye Noah au Voxy usiache kispika nyuma kabisa: safu ya tatu ikijaa abiria na mabegi, mlio hausikiki. Kipeleke mbele. Fundi asiyekimbia anamaliza kwa saa mbili hadi tatu.

Ukitaka zifanane na bodi, zipake rangi kabla ya kuzifunga: mkono mmoja mwembamba wa rangi na mmoja wa vanishi, bila fila na bila kuziba mfereji mwembamba unaozunguka uso wa sensa. Rangi nzito inaifanya sensa iwe kiziwi. Wengi hulaumu bidhaa kuwa feki wakati aliyeiua ni mpiga rangi.

Uimara. Tope likiganda usoni, sensa hulia muda wote au hunyamaza. Kitambaa chenye maji kinatosha. Mashine ya presha iwe mbali angalau sentimita 30. Breki za upepo za lori zikipumua karibu nawe zinaweza kuzichanganya, kwa kuwa pumzi ile ina sauti za juu za aina hiyohiyo. Sensa ikifa, inabadilishwa moja peke yake, kama duka lina ya aina ileile.

Zinamfaa anayeegesha kati ya kuta na magari, mwenye bampa ya plastiki, anayetaka kujua umbali kwa sikio huku macho yakibaki kwenye vioo.

Mkanda wa sumakuumeme

Unachoona. Ukanda wa foili unaobandikwa ndani ya bampa hutengeneza uga dhaifu wa umeme nyuma ya gari. Kitu kikikaribia, uga unabadilika na kispika kinalia. Masafa ni sentimita 60 hadi 80, na ule usawa mzima wa bampa unahisi, bila mapengo kati ya kidude na kidude. Nguzo nyembamba inayopita katikati ya sensa mbili haipiti hapa kirahisi. Mtu naye anahisiwa vizuri, nguo yoyote aliyovaa.

Kasoro yake kubwa iko kwenye namna unavyofanya kazi. Kila rivasi inapoingia, kiboksi hupima hali iliyopo na kuichukua kuwa kawaida, kisha hulia pale tu mambo yanapobadilika. Kitu kilichokuwa tayari nyuma yako kimya, nawe hujaanza kusogea, hakitolewi taarifa. Ukisimama katikati ya kurudi, mlio nao hufifia, ingawa ukuta haujaenda popote. Anayezoea sensa za kutoboa hudanganyika hapa: kimya anakisoma kama usalama. Umbali kwa namba hupati, unapata mlio unaoharakisha. Mtaro nao hauhisiwi.

Bampa. Plastiki tu. Chuma kinaufunika uga na mkanda hauhisi kitu. Upande mzuri ni kwamba ndoano ya tela isiyosogea huhesabiwa kuwa sehemu ya kawaida.

Kufunga. Hakuna kutoboa, lakini bampa lazima ifunguliwe. Kwenye IST au Vitz ni klipu na skrubu kadhaa pamoja na kufungua taa. Klipu za gari lililopigwa jua miaka kumi hukatika, nunua kumi za akiba kabla. Ndani ya bampa pana vumbi na mafuta ya barabarani. Osha, kausha, futa kwa spiriti, kisha bandika foili kwa mstari ulionyooka bila mikunjo, ikiwa angalau sentimita 2 mbali na chuma chochote. Ncha zake zisiguse boriti. Mahali pasiposafishwa ndipo gundi itakapoachia miezi michache baadaye, foili itapwaya na kuanza kulia kila gari linapotikisika. Funika kwa tepu pana isiyopitisha maji.

Uimara. Tope la nje halina athari kubwa, na mpiga presha hana cha kuvunja. Maji ndiyo tatizo: mvua kubwa inayotiririka kwenye bampa inaweza kuleta milio ya uongo.

Unamfaa asiyetaka matundu, iwe kwa sababu gari ni la kampuni, au rangi yake ni ya gharama, au atauza karibuni, na ambaye hurudi kwa mwendo wa kinyonga.

Kamera

Inachoona. Kila kitu kilicho na mwanga: mtaro, jiwe la ukingo, baiskeli iliyolala, mtoto aliyechuchumaa. Kanuni ya Marekani inataka kamera ya nyuma ioneshe eneo la takriban mita 3 kwa 6, na kamera nyingi za dukani zenye lenzi pana zinafikia upana huo. Ila lenzi pana inasogeza vitu mbali. Ukuta ulio nusu mita unaonekana kama upo mita nzima. Tena kamera haipigi kelele. Ukiwa unatazama kioo cha pembeni, picha nzuri kiasi gani haikusaidii.

Bampa. Haina umuhimu. Kamera hukaa juu ya namba ya gari au kwenye mpini wa mlango wa nyuma. Land Cruiser yenye bampa ya chuma na tairi mgongoni, inayozitoa jasho sensa, kwa kamera ni suala la kutafuta pembe.

Kufunga. Kamera yenyewe ni ya bei ndogo. Kinachokula hela ni kioo cha kuonea. Bahati ni kwamba wengi hubadilisha redio za Kijapani hata hivyo, kwa kuwa FM yake haifiki masafa ya vituo vyetu vingi, na redio mpya yenye kioo kikubwa ina tundu la kamera. Kebo ya mita 6 inatosha magari mengi madogo. Ule waya mwembamba mwekundu unaotoka pembeni ya kebo usipuuzwe: nyuma unaungwa kwenye umeme wa rivasi, mbele kwenye waya wa redio unaoandikwa BACK au REVERSE. Ukisahaulika, kamera inawaka lakini kioo hakibadiliki chenyewe.

Kioo kikiwa cheusi au cha bluu wakati umeme upo, angalia aina ya mawimbi ya picha: kamera ya AHD (picha ya ubora wa juu) haisomeki kwenye redio inayokubali CVBS (picha ya kawaida) pekee. Picha ikiwa kama ya kioo kinyume na matarajio, kuna kijiwaya cha kitanzi kwenye kamera. Kinakatwa au kuachwa kulingana na karatasi yake. Na kwa Toyota iliyokuja na kamera ya kiwandani, tahadhari: nyingi zinatumia volti 6. Fundi anayebadilisha redio akaipa volti 12 anaiunguza palepale.

Mistari ya kijani, njano na nyekundu kwenye kamera za dukani haijui gari lako. Ipime mwenyewe: panga tofali nyuma ya bampa kwenye sentimita 50, mita 1 na mita 2, kisha rekebisha mistari kwenye mipangilio ya redio, au kama haikubali, kariri zinapoangukia.

Uimara. Lenzi hupata vumbi siku ya kwanza na matone siku ya mvua. Usiku hutegemea taa za rivasi, na taa hafifu huleta picha ya chengachenga. Mahali panapokatika zaidi ni waya unaopita kwenye mpira wa mlango wa nyuma: unakunjwa kila mlango unapofunguliwa. Acha ulegevu ndani ya mpira huo.

Inamfaa mwenye mitaro, watoto au mifugo nyuma ya gari, na aliye na redio ya kioo tayari.

Kwa hali yako

Kama unaegesha mjini kwenye maegesho ya kubanana, na bampa ni ya plastiki: sensa nne za kutoboa, zenye kioo cha namba ikiwezekana.

Kama nyumbani unapita daraja la saruji juu ya mtaro kufika getini: kamera, hata iwe ya bei ya chini. Sensa na mkanda vitakaa kimya mpaka tairi lizame.

Kama kuna watoto: kamera na sensa pamoja, kwa kuwa kimoja kinaona na kingine kinapiga kelele. Hata hivyo zunguka gari kabla ya kupanda. Mtoto anaweza kuingia nyuma baada ya wewe kutazama, lakini aliyekwisha kukaa pale utamkuta.

Kama gari si lako au hutaki tundu hata moja: mkanda, ukijua tabia yake ya kunyamaza gari linaposimama.

Kama una pikapu yenye bampa ya chuma au isiyo na bampa kabisa: kamera, au sensa zenye vikombe vya mpira kwenye kipande cha plastiki kilichofungwa kwa kazi hiyo. Na kama ni Canter au gari jingine la volti 24, soma lebo ya kiboksi kabla ya kulipa. Seti nyingi za magari madogo ni za volti 12 tu. Zilizoandikwa volti 12 hadi 24 zipo, la sivyo weka kipunguza volti kabla ya kiboksi.